Nanyonga baiskeli kila siku, mbona uzito haushuki?

SWALI: Assalamu alaykum, Bi Daktari. Mimi ni mwanamme wa miaka 44, naishi Vitongoji, Pemba, na kazi yangu ni ya mezani, Chake Chake. Nilipopimwa, presha ilikuwa 146 kwa 92 na sukari kabla ya kula 6.5. Nikaambiwa bado sijafikia dawa, nipunguze uzito, nifanye mazoezi, nirudi baada ya miezi mitatu. Nilikuwa na kilo 91. Nikanunua baiskeli ya mtumba, zile nzito za chuma zisizo na gia, nikaacha kupanda gari. Jumatatu hadi Alhamisi nanyonga kwenda na kurudi, kama kilomita saba kila upande. Asubuhi nakunywa chai na chapati mbili ili nipate nguvu za njiani. Nikifika mjini kiu imenishika, napiga bilauri mbili za juisi ya miwa. Saa nne chai na maandazi na wenzangu. Mchana wali. Jioni nikirudi napitia urojo, maana nimeshautolea jasho. Sasa ni miezi miwili na nusu na mzani unasoma kilo 92! Na magoti yananiuma kwa mbele. Je, baiskeli haifai, au nakosea kwenye kula? Na Ramadhani nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam, kaka yangu. Baiskeli inafaa, na nakuomba usiiuze.

Hebu tuhesabu ulichokwisha kukifanya. Kilomita saba kwa baiskeli nzito na vilima vya Pemba ni kama nusu saa. Siku nne, kwenda na kurudi, unapata dakika 240 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, kwa hiyo wewe tayari umo. Tena umefika bila kulipia ukumbi wa mazoezi na bila kutafuta saa ya ziada katika siku yako, kwa sababu safari yenyewe ungeifanya tu. Wapo ninaowahudumia wanaohangaika mwaka mzima kufika hapo ulipo.

Halafu mzani una kazi yake moja tu, kupima uzito. Hauoni moyo wala mishipa. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini siku nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tikiti. Makonda walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na wale waliopata mara nyingi yaliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi. Wewe miaka yote ulikuwa dereva, na sasa umekuwa konda. Faida hiyo inaingia mwilini hata kabla kilo moja haijaondoka.

Sukari nayo ina hesabu yake. Msuli wa paja unapofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo. Ukishashuka kwenye baiskeli, msuli hubaki mwepesi kuiitikia insulini kwa siku moja hadi mbili hivi, kisha hurudi kwenye uvivu wake wa zamani. Angalia sasa ratiba yako: unashuka Alhamisi jioni, hupandi tena mpaka Jumatatu asubuhi. Siku tatu nzima, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, mwili unasahau ulichoufundisha. Nitalirudia hili, maana hapo ndipo penye dawa yako.

Tuje kwenye kula. Mtu wa kilo 91 akinyonga nusu saa kwa mwendo wako hutumia takriban kalori 250. Chapati moja ya kukaangwa, ya ukubwa wa kawaida, inazifikia hizo na pengine kuzipita. Bilauri mbili za juisi ya miwa zinazidi 300. Yaani unapoegesha baiskeli na kushika bilauri ya pili, safari ya asubuhi imesharudishwa yote, na chapati bado hatujaziweka kwenye hesabu. Maandazi ya saa nne nayo yanakuja juu yake. Sikulaumu hata kidogo. Anayetoka jasho huona njaa na kiu, na moyo humwambia kuwa ana haki. Lile neno ulilolitumia, "nimeshautolea jasho", nalisikia karibu kila wiki, na kwa maoni yangu ndilo linaloharibu mazoezi ya watu wengi kuliko uvivu. Chakula kikishageuka malipo ya baiskeli, utajilipa zaidi ya ulichofanya, kwa sababu mafuta na sukari huingia kwa dakika tano na hutoka kwa saa nzima.

Anza na asubuhi. Safari ya nusu saa haihitaji kutiliwa chakula kwanza. Misuli na ini vina akiba ya kukufikisha Chake na kukurudisha, maadamu jana usiku ulikula na hutumii dawa ya sukari. Kunywa bilauri moja ya maji, panda, nenda. Staftahi yako ifunge kwenye kontena uile ukishafika, umekaa, jasho limekauka: vipande vya muhogo wa kuchemsha au kiazi kitamu au jimbi, yai moja au samaki aliyebaki jana, na chungwa. Ukila hivyo saa moja na nusu, saa nne itakukuta huna njaa ya maandazi. Mazungumzo ya chai na wenzako usiyaache, ni mazuri kwa roho, lakini mkono uwe na kikombe tu.

Na kikombe chenyewe tukitazame. Mezani kwangu nina kikombe, kijiko cha chai, kopo la sukari na mzani mdogo wa jikoni. Siku moja bwana mmoja wa makamo aliniambia anatia "vijiko vitatu tu". Nikamwambia: tia kama unavyotia kwako, ila tia kwenye karatasi juu ya mzani. Akachota, na kila kijiko kilikuja na kilima chake, sukari inamwagika pembeni. Mzani ukasoma gramu 24. Kijiko kilichosawazishwa kina gramu nne, kwa hiyo vitatu vyake vilikuwa sita. Alikaa kimya akiitazama ile karatasi, kisha akauliza, "Na mimi nakunywa vikombe vitano kwa siku?" Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban vijiko 12 vya kusawazisha kwa siku kwa mtu mzima, na ni bora zaidi ikibaki chini ya sita. Ndani ya hesabu hiyo imo juisi ya miwa, soda na haluwa, hata ile ya Wete.

Usiikate sukari kwa siku moja. Utarudi nyuma baada ya wiki, nimeshaliona mara nyingi. Sawazisha kijiko kwanza, wiki mbili. Kisha punguza nusu kijiko, wiki mbili nyingine, na endelea hivyo. Ulimi hujifunza, taratibu. Na sisi tumebarikiwa: chai iliyochemka na mdalasini, iliki, tangawizi, mchaichai na chembe mbili za karafuu ina ladha yake hata ikiwa na sukari kidogo.

Kiu ya njiani dawa yake ni maji. Funga chupa kwenye fremu au itie kwenye kikapu cha mbele, unywe kidogo kidogo kabla kiu haijakushika, maana anayefika mjini na koo kavu hawezi kuipita mashine ya miwa. Ukitaka kitu kitamu, nunua chungwa lililomenywa. Utapata utamu, maji na nyuzinyuzi pamoja, na utalila taratibu. Dafu pia si baya mara mojamoja, sukari yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya miwa.

Urojo siukatazi. Ila ule ni mlo kamili: una unga, viazi, bagia, kachori, chatine, pengine mishkaki na yai. Ukiula saa kumi na moja halafu ukakaa tena kwenye sinia saa tatu usiku, umekula chakula cha usiku mara mbili. Chagua siku moja ya wiki, ule urojo wako kwa furaha, na usiku huo uwe ndio mlo wako. Siku nyingine pita njia bila kusimama. Ikiwa harufu inakushinda, badilisha njia au pitia upande wa pili wa barabara. Nalisema hili kwa dhati kabisa, kwa sababu tabia nyingi za kula zimefungwa kwenye mahali tunapopita kuliko kwenye njaa yenyewe.

Sasa lile la siku tatu zilizo tupu. Nakuomba Jumamosi asubuhi upande baiskeli, lakini usiende "mazoezini". Nenda kununua kitoweo. Shuka dikoni au panda sokoni Chake mapema, samaki wakiwa bado wabichi, ukiwa na kikapu mbele na mpira wa kufungia nyuma kwenye keria. Chukua vibua au dagaa ikiwa mfuko umebana, changu au tasi ikiwa umefunguka. Kisha pitia kwa wauza mboga: mafungu mawili ya mchicha, matembele, bamia, mabiringani, ndimu, nyanya. Nunua choroko au kunde za kukausha kilo moja za kuwekea wiki. Ukifika nyumbani umefanya mambo mawili kwa safari moja: umeziba pengo la wikiendi, na umeamua jiko lenu litapika nini mpaka katikati ya wiki. Mchicha ukiwa umeshafika nyumbani, utapikwa. Ukibaki sokoni, mtakula wali na mchuzi peke yake, na hakuna wa kulaumiwa.

Mimi hili ndilo ninaloliamini kuliko ushauri wowote mwingine katika jibu hili. Baiskeli yenye kazi ya kufanya haiachwi. Baiskeli ya mazoezi tu huegeshwa ukutani wiki ya kwanza ya masika, tairi zikalala, kuku wakapanda juu yake.

Na utaona hukumkosoa mtu jikoni. Waume wengi wakishaambiwa na daktari hurudi nyumbani na amri: punguza mafuta, punguza nazi, punguza chumvi. Mpishi huumia, na ana haki. Wewe lete mboga, mwombe bi mkubwa akupikie chukuchuku mara mbili kwa wiki, samaki wake na ndimu yake na bizari, bila kukaanga. Nazi iendelee, ila tui la kwanza zito liende kidogo mwishoni, mboga ichemkie kwenye tui jepesi. Kula kwenye sinia kuna mtego wake, kwa kuwa mtu haoni amekula kiasi gani; kwa hiyo wali upakuliwe kidogo kuliko desturi, mboga na samaki viwe vingi juu yake, na wewe uanzie kwenye mboga za upande wako kabla ya kuushika wali. Theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi, tumefundishwa hivyo tangu chuoni tukiwa wadogo, na hospitali haina kipimo bora zaidi cha tumbo.

Kwa presha yako kuna kitu hukukiandika lakini nakihofia, nacho ni ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Papa mkavu ni mtamu, sina ubishi, lakini chumvi yake ni nyingi mno, na kipimo cha chumvi yote ya siku ni chini ya gramu tano, kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Akipikwa, arowekwe usiku kucha, maji yamwagwe na kubadilishwa, na mchuzi usitiwe chumvi tena. Achari ya ndimu na ya embe nazo zimo katika hesabu hiyo.

Magoti. Maumivu ya mbele ya goti kwa mpanda baiskeli, sababu ya kwanza ninayoitafuta ni tandiko lililo chini mno, na hapa kwetu karibu kila baiskeli ninayoiona iko hivyo, kwa sababu mtu anataka nyayo zake zifike chini akisimama. Fanya hivi. Egemeza baiskeli ukutani, kaa juu ya tandiko ukiwa na viatu unavyovaa njiani. Zungusha pedeli moja mpaka ifike chini kabisa, weka kisigino juu yake. Mguu unatakiwa unyooke kabisa bila kiuno kuinama upande. Ukiwa umekunjika, legeza nati ya tandiko kwa spana, lipandishe kidole kimoja, ujaribu tena. Ukishapata, ukinyonga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti litabaki limekunjika kidogo tu, kama inavyotakiwa. Usipandishe zote kwa siku moja, pandisha kidogo kila baada ya siku mbili mpaka uzoee. Ukisimama utagusa ardhi kwa ncha ya kidole, hiyo ni sawa, na breki ziwe nzima kwa sababu hiyo.

Jambo la pili la magoti ni vilima. Baiskeli isiyo na gia inakulazimisha ukandamize kwa nguvu zote. Mwulize fundi kama anaweza kukubadilishia friwili ya nyuma, ile duara la meno linaloshika mnyororo, akakutilia yenye meno mengi zaidi. Kwenye tambarare utakwenda polepole kidogo, lakini kilima kitakuwa chepesi. Hakikisha tairi zimejaa upepo vizuri, tairi laini ni kama kubeba gunia la ziada. Na penye mteremko mkali wa kupanda, shuka uikokote. Sioni aibu yoyote hapo, na moyo wako unafanya kazi ileile. Kipimo chako kiwe mdomo: uweze kusema na mwenzako sentensi nzima, lakini usiweze kughani kaswida. Ukishindwa hata kusema, punguza.

Ramadhani usiiache baiskeli, ihamishe. Ikiwa safari ya kazini mchana wa joto itakumaliza, panda gari siku hizo, na nyonga taratibu dakika 20 hadi 30 kabla ya magharibi, ili maji na tende vikukute nyumbani, au baada ya tarawehe palipo na mwanga. Ukifunga Jumatatu na Alhamisi, ni vivyo hivyo. Hili nakwambia wewe usiyetumia dawa. Anayetumia sindano za insulini au vidonge vya glibenklamaidi azungumze na daktari wake kabla ya kufunga akiwa ananyonga, kwani sukari yake inaweza kushuka ghafla. Masika yakiingia, siku ya mvua kubwa tembea kwa miguu nusu saa hata ikiwa ni ndani ya ukumbi wa ofisi na ngazi zake, mradi siku mbili zisipite mfululizo bila miguu kufanya kazi. Ukirudi jioni giza likiingia, washa taa ya nyuma, vaa nguo nyeupe, na kichwani uwe na kofia ngumu ukiweza kuipata.

Sasa kuhusu kupima. Weka mzani pembeni, upande mara moja kwa wiki, asubuhi ileile. Badala yake chukua uzi. Pima urefu wako kuanzia kisigino hadi utosi, ukate, uukunje katikati uwe nusu, kisha uzungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, ndilo jambo la kufanyia kazi. Hesabu pengo lililobaki kati ya ncha ni vidole vingapi, ulipime tena kila mwezi. Kwa watu wengi wanaonyonga, uzi husogea kabla mzani haujasema kitu, kwa sababu paja linajenga nyama wakati tumbo linapungua.

Kwenye presha, mazoezi ya mara kwa mara kwa mtu aliyepandwa nayo huishusha namba ya juu kwa takriban tano hadi nane, na kupunguza chumvi huongeza juu yake. Kwa wewe uliye 146, hizo ni namba kubwa. Lakini miadi ya miezi mitatu usiikose hata ukijisikia mzima kama kijana, na ukiambiwa uanze dawa, anza, na baiskeli iendelee pamoja nayo. Ukisikia kifua kinabana, maumivu yanakwenda mkononi au taya, kizunguzungu, au pumzi inakata bila sababu, shuka hapohapo, kaa kivulini, na mtu akupeleke hospitali mara moja.

Ukishapima, niandikie namba zako mbili za presha, sukari ya kabla ya kula, na uzi umefika wapi. Na uniambie tandiko limepanda vidole vingapi, magoti yanasemaje.